Jinsi Simu Inavyosoma Maandishi kwa Sauti

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba sauti ni mtetemo. Ngoma inapopigwa, ngozi yake hutetemeka na kuitetemesha hewa iliyo karibu nayo. Mtetemo huo husafiri hewani hadi sikioni, ukakitikisa kiwambo cha sikio, nawe ukasikia. Ulijifunza pia kwamba jicho huona kwa kupokea mwanga. Katika somo hili utaona jinsi binadamu alivyotumia elimu ya sauti ili kumsaidia mtu ambaye macho yake hayapokei mwanga. Utajifunza jinsi simu inavyoweza kuyasoma maandishi na kuyatamka kama mtu asomaye kitabu.

1. Kwa nini simu isome?

Kioo cha simu janja ni laini na tambarare. Mtu anayeona hutazama picha na maneno yaliyo juu yake, kisha hugusa anapotaka. Lakini mtu asiyeona akikipapasa kioo hicho, haoni wala hahisi tofauti yoyote. Simu za zamani zilikuwa na vitufe vilivyoinuka, na kwa kawaida kitufe cha namba 5 kilikuwa na alama ndogo iliyoweza kuhisiwa kwa kidole. Kwa kutumia alama hiyo, mtu asiyeona aliweza kuzipata namba zote nyingine. Vitufe vilipoondolewa, ilionekana kana kwamba wasioona wangeachwa nyuma.

Tuchukue mfano. Mama mmoja asiyeona anauza ndizi katika soko la Tengeru, chini ya Mlima Meru. Mteja wake aliyeko Arusha mjini anamtumia fedha kwa simu. Ujumbe unaingia, na simu inatetemeka mkononi. Je, mteja ametuma shilingi 45,000 kama walivyopatana, au ametuma 4,500? Kama simu haisomi, mama huyu hana budi kumpa mtu mwingine simu ili amsomee. Mtu huyo atajua mama ana fedha kiasi gani. Wakati wa kutoa fedha huenda atajua hata namba ya siri. Akiwa mwaminifu, mama atalala salama. Asipokuwa mwaminifu, mama anaweza kupoteza jasho lake la wiki nzima, wala asijue ni nani aliyemwibia.

Simu inayosoma huliondoa tatizo hili. Mama huweka spika ndogo katika sikio moja, akausikiliza ujumbe wake peke yake, naye akajua ukweli bila kumwuliza mtu. Sikio la pili huliacha wazi ili asikie wateja, pikipiki na magari.

2. Sauti ya binadamu hutokeaje?

Kabla ya kueleza jinsi mashine inavyosema, ni lazima tujue jinsi sisi wenyewe tunavyosema.

JARIBIO LA 1

Unahitaji: vidole vyako na chupa mbili zinazofanana. Chupa moja iwe tupu, na nyingine itiwe maji hadi nusu.

(a) Weka vidole viwili kooni kwa wepesi. Tamka "zzzzz" kwa muda mrefu. Unahisi nini?
(b) Sasa tamka "sssss". Je, unahisi kitu kile kile?
(c) Tamka a, e, i, o, u polepole. Angalia jinsi midomo na ulimi vinavyobadilika.
(d) Puliza hewa juu ya mdomo wa chupa tupu, kisha juu ya mdomo wa chupa yenye maji. Je, milio inafanana?

Bila shaka ulihisi mtetemo kooni ulipotamka "zzzzz", lakini hukuuhisi ulipotamka "sssss". Ndani ya koo mna nyuzi za sauti. Hewa itokayo mapafuni huzitetemesha nyuzi hizo tunapotamka irabu zote na baadhi ya konsonanti. Konsonanti nyingine, kama s, f na k, hutamkwa bila nyuzi hizo kutetemeka.

Chupa mbili zilitoa milio tofauti kwa sababu nafasi ya hewa ndani yake haikuwa sawa. Kinywa chako hufanya kazi kama chupa inayoweza kubadili umbo. Unapotamka "a", kinywa hupanuka. Unapotamka "u", midomo huviringika, na nafasi ya hewa hupata umbo jingine. Koo hutoa mlio, na umbo la kinywa huugeuza mlio huo kuwa irabu fulani. Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo lililowawezesha watu kutengeneza mashine inayosema.

3. Mashine za kwanza

Mwaka 1791 Wolfgang von Kempelen, aliyeishi Vienna, alichapisha kitabu kilichoeleza mashine ya kusema aliyoitengeneza. Mashine hiyo ilikuwa na mivukuto kama ile ya mhunzi, nayo ilifanya kazi ya mapafu. Kipande chembamba kilichotetemeka kilifanya kazi ya nyuzi za sauti. Mbele yake palikuwa na kitu kilicholegea mfano wa mdomo, ambacho mtu alikibana na kukiachia kwa mkono. Mashine hiyo iliweza kutamka maneno machache.

Mwaka 1939 Wamarekani walionyesha mjini New York mashine nyingine iliyoitwa Voder, iliyobuniwa na Homer Dudley. Hii ilitumia umeme badala ya hewa. Mtu alikaa mbele yake na kubonyeza vitufe kama mpiga kinanda, nayo ikatoa maneno. Hata hivyo, mashine zote mbili zilihitaji mtu wa kuziendesha. Hazikujua kusoma.

Mwaka 1976 Raymond Kurzweil wa Marekani alionyesha mashine iliyoweza kuutazama ukurasa wa kitabu, kuzitambua herufi zake na kuzisoma kwa sauti. Aliitengeneza kwa ajili ya wasioona. Mashine hiyo ilijaza meza nzima, na bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Leo kazi hiyo hiyo hufanywa na simu inayoingia mfukoni.

Baadaye kompyuta nazo zilianza kusoma. Mwaka 1995 Mwingereza Jonathan Duddington alianza kutengeneza programu ndogo ya kusema, ambayo baadaye iliitwa eSpeak. Programu hiyo hutolewa bure, nayo hutamka lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, alianzisha NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyomo katika kompyuta.

Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa mabadiliko makubwa katika simu. Mwaka huo simu ya iPhone ilipata programu ya kusoma iitwayo VoiceOver, na simu za Android zikapata TalkBack. Miongoni mwa walioitengeneza TalkBack ni T. V. Raman, mzaliwa wa India, ambaye alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 14 kwa sababu ya ugonjwa wa presha ya macho. Hivyo mtu asiyeona alishiriki kuunda kifaa cha kuwasaidia wasioona wenzake.

4. Hatua za kugeuza maandishi kuwa sauti

Programu inayomweleza mtumiaji yaliyo juu ya kioo huitwa kisoma skrini. Skrini ni jina jingine la kioo cha simu au kompyuta. Kisoma skrini hakina macho. Kila neno na kila kitufe kilicho juu ya kioo kimeandikwa pia ndani ya kumbukumbu ya simu, na kisoma skrini huyasoma yaliyo humo. Kisha hufuata hatua tano.

Hatua ya kwanza: Kupokea maandishi. Tuseme ujumbe ulioingia ni huu: "Umepokea Sh. 45,000. Njoo Same kesho." Kisoma skrini huyachukua maandishi hayo yote.

Hatua ya pili: Kuyasafisha maandishi. Alama na vifupisho hugeuzwa kuwa maneno kamili. "Sh. 45,000" huwa "shilingi elfu arobaini na tano". Mashine isiyofundishwa vema inaweza kuidhania alama ya mkato kuwa ni mahali pa kupumzika, ikasema, "arobaini na tano, sifuri sifuri sifuri". Vivyo hivyo, katika sentensi "Mlima Meru una kimo cha zaidi ya m 4,500", herufi "m" ni lazima isomwe "mita".

Saa nazo zina matatizo yake. Simu inapoonyesha 14:30, sisi husema ni saa nane na nusu mchana. Mashine nyingi husoma namba kama zilivyo: saa kumi na nne na dakika thelathini. Msikilizaji hana budi kujua kwamba simu yake huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia machweo na mapambazuko kama Waswahili wanavyohesabu. Asipojua hivyo, anaweza kulikosa basi.

Hatua ya tatu: Kugeuza herufi kuwa sauti. Hapa Kiswahili kina bahati njema, kwa sababu huandikwa kama kinavyotamkwa. Herufi "a" hutamkwa namna moja katika maneno baba, kahawa na Arusha. Kiingereza sivyo kilivyo, kwa kuwa herufi moja huweza kuwa na sauti nyingi. Kwa hiyo kanuni za kusoma Kiswahili ni chache. Mashine hufundishwa kwamba "ch" ni sauti moja, "sh" ni sauti moja, na "ng'" ya ng'ombe si "ng" ya ngoma.

Tatizo hutokea simu inapotumia sauti ya Kiingereza kusoma Kiswahili. Same ni mji ulioko mkoani Kilimanjaro. Sauti ya Kiingereza ikiliona jina hilo, hulisoma kama neno la Kiingereza lenye silabi moja, lisikike kama "seim". Neno "pole" nalo huharibika hivyo hivyo. Msikilizaji hubaki akijiuliza ameambiwa nini. Ndiyo maana kuwapo kwa sauti ya Kiswahili ndani ya simu ni jambo kubwa kwa mtu asiyejua Kiingereza.

Hatua ya nne: Kutia mkazo na kiimbo. Katika Kiswahili mkazo huwekwa katika silabi ya pili kutoka mwisho: a-RU-sha, te-NGE-ru, ka-HA-wa. Kanuni hii ni rahisi, lakini yako maneno yanayoikataa. Neno "barabara" likitiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Mkazo ukiwekwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho, ba-RA-ba-ra, maana yake ni sawasawa kabisa. Maandishi ni yale yale. Wewe hutambua maana kwa kuyatazama maneno ya jirani, bali mashine huweza kukosea. Vilevile mashine huinua au kushusha sauti kufuatana na alama ya kuuliza na nukta.

Hatua ya tano: Kuitoa sauti yenyewe. Ziko njia tatu.

(i) Mashine hupiga hesabu ya milio inayotokea kinywa kinapopata maumbo mbalimbali, kama ulivyoona katika Jaribio la 1, kisha huitengeneza milio hiyo yenyewe. Hivi ndivyo eSpeak inavyofanya. Sauti yake ni kavu, lakini programu ni ndogo na hufanya kazi hata katika simu ya bei nafuu.

(ii) Mtu hurekodiwa akisoma sentensi nyingi. Sauti yake hukatwa vipande vidogo vidogo, na mashine huviunganisha vipande hivyo ili kupata maneno mapya.

(iii) Kompyuta husikilizishwa saa nyingi za usomaji wa mtu pamoja na maandishi yake, hadi ijifunze yenyewe kuiga. Mwaka 2016 kampuni ya DeepMind ya London ilionyesha mashine ya namna hii iitwayo WaveNet. Sauti za aina hii hufanana sana na sauti ya binadamu.

Katika njia zote tatu, matokeo ni mfululizo wa namba, maelfu kwa kila sekunde moja. Namba hizo hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo huenda kwenye spika, ukakisukuma na kukivuta kiwambo chake chembamba. Kiwambo hutetemeka, hewa ikatetemeka, na sikio likasikia. Hivyo tumerudi pale pale tulipoanzia: sauti ni mtetemo.

JARIBIO LA 2

Unahitaji: vipande saba vya karatasi ngumu, na wanafunzi saba.

(a) Andikeni silabi hizi, moja katika kila kipande: ka, ha, wa, ma, ji, me, ru.
(b) Kila mwanafunzi ashike kipande kimoja. Haruhusiwi kutamka silabi nyingine ila yake.
(c) Mwanafunzi wa nane aonyeshe kwa kidole nani aseme, ili yatokee maneno haya: kahawa, maji, Meru, Kahama, wakahama.
(d) Wanafunzi wengine wafumbe macho na kusikiliza. Je, maneno yanaeleweka? Yana kasoro gani?
(e) Rudieni haraka zaidi, na mkazo uwekwe mahali pake. Kuna mabadiliko gani?

Mtaona kwamba silabi chache huweza kuunda maneno mengi. Mtaona pia kwamba neno lililoungwa hivi hukatikakatika, na sauti hazilingani. Mashine inayotumia njia ya pili hupata shida hii hii, hivyo hutengenezwa ili ilainishe mahali vipande vinapokutana.

5. Asiyeona hutumiaje kioo?

Kisoma skrini kikiwashwa, kioo hubadili tabia yake. Mtu akigusa mahali fulani mara moja, simu haifungui kitu. Hutaja tu jina la kitu kilichoguswa. Akitaka kukifungua, hugonga mara mbili kwa haraka. Akitelezesha kidole kwenda kulia, simu husoma kitu kinachofuata. Akitelezesha kwenda kushoto, husoma kitu kilichotangulia. Kwa njia hii mtu huweza kupita juu ya kioo kizima bila kukiona.

Wapo wasioona waliozoea sana, ambao huiongezea simu kasi hadi mtu mwingine asielewe neno hata moja. Watu hao wamelizoeza sikio, kama wewe ulivyolizoeza jicho kusoma bila kutaja herufi moja moja. Baadhi yao huipendelea ile sauti kavu, kwa kuwa hubaki wazi hata inapokwenda mbio.

Mtumiaji anaweza pia kukizima kioo kabisa huku simu ikiendelea kusoma. Mtu aliyeketi jirani naye katika daladala hataona chochote.

JARIBIO LA 3

Unahitaji: karatasi, kalamu na kitambaa. Fanyeni wawili wawili.

(a) Chora mstatili mkubwa kama kioo cha simu. Ndani yake chora vyumba sita vyenye majina: Piga, Ujumbe, Fedha, Saa, Redio, Tochi.
(b) Mwanafunzi wa kwanza afungwe kitambaa machoni kabla hajaiona karatasi. Wa pili awe kisoma skrini.
(c) Wa kwanza atembeze kidole juu ya karatasi. Kila kidole kinapoingia katika chumba, wa pili ataje jina lake. Kidole kikiwa nje ya vyumba, anyamaze.
(d) Wa kwanza akifungue chumba cha "Fedha" kwa kugonga mara mbili, bila kufungua kingine. Hesabuni sekunde alizotumia.
(e) Rudieni mara tano. Je, muda unapungua?
(f) Sasa wa pili aache kutaja majina. Kila chumba kikiguswa, aseme tu: "Kitufe." Je, wa kwanza anaweza kuipata "Fedha"?

Jaribio la (e) laonyesha kwamba mazoezi huleta wepesi. Jaribio la (f) laonyesha shida kubwa inayowapata wasioona kila siku. Mtengenezaji wa programu anapoweka kitufe chenye picha tu, bila kukipa jina ndani ya kumbukumbu ya simu, kisoma skrini hakina la kusema ila "kitufe". Kuandika jina hilo ni kazi ya dakika moja. Lakini likikosekana, asiyeona hukwama, huku mwenzake anayeona akipita bila kujua kwamba pana kikwazo.

6. Mambo yanayoizuia simu kusoma vizuri

Ziko sababu nyingine zinazomfanya asiyeona akose habari hata kama simu yake ni nzima.

Kwanza, picha za maandishi. Tangazo la mkutano wa wazazi likipigwa picha na kutumwa, wanaoona hulisoma. Lakini kwa kisoma skrini hiyo ni picha tu. Ziko programu zinazojaribu kuzitambua herufi zilizo ndani ya picha, ila hukosea picha inapokuwa na giza au mwandiko unapokuwa mbaya. Afadhali tangazo liandikwe pia kwa maneno.

Pili, tahajia mbaya. Watu wengine hupenda kuandika "xaxa" badala ya "sasa", na "cjui" badala ya "sijui". Jicho lililozoea huelewa. Mashine husoma kama ilivyoandikwa, na msikilizaji husikia maneno yasiyo na maana. Ukiandika "ngombe" bila alama yake, mashine itatamka "ng" ya ngoma. Kwa hiyo mwalimu anapokusahihisha tahajia, kumbuka kwamba huenda maandishi yako yatasomwa na sikio.

Tatu, majina ya mahali. Majina kama Ngurdoto yana konsonanti zinazofuatana kwa namna isiyo ya kawaida katika Kiswahili. Mashine huweza kuyatamka vibaya. Mtumiaji akiwa na shaka, huiagiza simu ilitaje neno herufi kwa herufi.

Nne, siri. Mtu akiandika namba ya siri huku spika imefunguliwa, simu inaweza kuzitangaza tarakimu zake mbele ya watu. Ndiyo sababu spika ya sikioni ni muhimu kwa asiyeona kama kufuli lilivyo muhimu kwa mlango.

Tano, umeme. Simu ikiishiwa chaji hunyamaza. Sauti nyingi zikisha pakuliwa hufanya kazi bila intaneti, lakini hakuna inayofanya kazi bila betri.

7. Je, nukta nundu bado zinahitajika?

Nukta nundu ni maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye alipofuka akiwa mtoto baada ya kujijeruhi kwa kifaa katika karakana ya baba yake. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuunda mpango wake. Kila herufi hutokana na nukta sita zilizopangwa katika safu mbili za nukta tatu tatu. Kwa kuinua baadhi ya nukta hizo, hupatikana alama 63 zilizo tofauti.

Wengine hudhani kwamba, kwa kuwa simu inasoma, nukta nundu zitupwe. Hilo si kweli. Mtoto anayesikia tu hawezi kujua vema jinsi neno linavyoandikwa, mahali alama zinapowekwa, wala jinsi hesabu inavyopangwa. Kusikiliza ni kupokea maneno, bali kusoma na kuandika kwa mkono wako ni elimu nyingine. Simu na nukta nundu husaidiana. Karibu na Arusha, huko Tengeru, kiko Chuo cha Ualimu Patandi, ambako walimu hufundishwa elimu maalumu ili wawafundishe watoto wenye mahitaji mbalimbali, wakiwamo wasioona.

8. Wajibu wetu

Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria hiyo inatambua kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata habari kama watu wengine. Lakini sheria peke yake haitoshi ikiwa sisi wenyewe hatujui la kufanya. Wewe unaweza kufanya haya:

- Andika Kiswahili sanifu katika kila ujumbe.
- Ukituma picha, eleza kwa maneno kilichomo.
- Usichukue simu ya mtu asiyeona bila yeye kukuomba.
- Akikuomba umsomee jambo, soma lote kama lilivyo, wala usimwambie mwingine.
- Asiyeona anapovuka barabara huku akisikiliza, usimshike ghafla. Zungumza naye kwanza, umwulize kama anahitaji msaada.

Kanuni hizi si za huruma tu. Mtu mwenye kujisomea ujumbe wake mwenyewe hulinda mali yake, hutunza siri zake na huamua mambo yake bila kumtegemea mwingine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Sauti ya binadamu hutokana na nyuzi za sauti, nayo hupata umbo kinywani.
2. Kisoma skrini husoma yaliyo ndani ya kumbukumbu ya simu, hakitazami kioo.
3. Maandishi hupokelewa, husafishwa, hugeuzwa kuwa sauti, hutiwa mkazo na kiimbo, kisha hutolewa kwa spika.
4. Kiswahili ni rahisi kwa mashine kwa sababu huandikwa kama kinavyotamkwa.
5. Kitufe kisicho na jina ni kikwazo kwa asiyeona.

MASWALI

1. Kwa nini kioo cha simu ni kigumu kutumiwa na asiyeona bila kisoma skrini?
2. Taja konsonanti tatu ambazo nyuzi za sauti hutetemeka zinapotamkwa. Zijaribu kwa kugusa koo lako.
3. Mashine inapaswa kusoma namna gani maandishi haya: (a) Sh. 12,500 (b) m 300 (c) n.k.?
4. Simu inaonyesha 07:00 asubuhi. Kwa Kiswahili ni saa ngapi?
5. Eleza tofauti ya maana mbili za neno "barabara". Kwa nini mashine huweza kukosea?
6. Sahihisha ujumbe huu ili simu iweze kuusoma: "Mambo, cjaona ngombe wako xaxa, n2me mtoto?"
7. Rafiki yako anasema nukta nundu hazina kazi tena. Mpe sababu mbili za kumpinga.
8. Tafuta tangazo moja shuleni kwenu au sokoni. Liandike upya katika daftari ili, likitumwa kwa simu, asiyeona alielewe lote bila kumwuliza mtu.